Maji ya akiba nyumbani yanavyochangia dengi na chikungunya Pwani

MWAKA 2004 kisiwa cha Lamu kilikumbwa na homa iliyowaacha wakazi wakijikunja kwa maumivu ya viungo. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa chikungunya. Ajabu ni kwamba maradhi hayo yalizuka wakati wa ukame, si wa masika.

Msomaji aliyezoea kuhusisha mbu na madimbwi ya mvua huenda akashangaa. Mbu wa malaria ndiye hasa wa madimbwi. Anayeeneza chikungunya na homa ya dengi, Aedes aegypti, huishi na binadamu na kuzaana katika mapipa, mitungi na ndoo. Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kukauka kwa miezi kadhaa bila kufa, kisha yakaanguliwa maji yanapoongezwa. Na katika joto la Pwani, siku kumi hivi hutosha kuzalisha mbu kamili. Ndiyo maana kumwaga maji bila kusugua chombo hakutoshi.

Mabomba na visima vikikauka, watu huweka akiba, na akiba hiyo hukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Lakini si wote wanaoweka kwa namna moja. Mwenye mfereji usiokatika hahitaji pipa. Mwenye uwezo hununua tangi lenye kifuniko. Mpangaji wa chumba kimoja hununua maji kwa mwenye mkokoteni, akayatia katika chombo chochote alicho nacho. Kumwambia ayamwage kila wiki ni kumwambia amwage pesa zake.

Mombasa ni mfano mzuri. Maji yake mengi hutoka mbali, zikiwemo chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na kwa miaka mingi yamegawiwa kwa zamu mitaani. Mji huo ulipata mlipuko wa dengi mwaka 2013, na chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017. Mbu, hata hivyo, hachagui: aliyezaliwa katika pipa la jirani humuuma pia mwenye tangi. Tena huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku husaidia kidogo tu.

Dawa inayopulizwa mitaani huua mbu wanaoruka, nayo mayai yakasalia ukutani mwa pipa. Wenyeji wa Lamu walikuwa na njia yao ya kale: katika birika za nyumba za mawe walifuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Mtungi wa lita 20 hauwezi kufuga samaki, lakini kifuniko kinachobana, au kitambaa chepesi kisichotoboka kilichofungwa barabara mdomoni mwa pipa, humzuia jike kutaga.