KBO: mto mmoja, nchi nne, na sisi wa Muleba

Bumu limetoka, wengi wamekimbilia mjini, bweni limetulia, ngoja niandike.

Wiki hii kwenye semina ya historia tulikuwa na mada ya ushirikiano wa kikanda. Kama kawaida ikawa Jumuiya ya Afrika Mashariki, SADC, basi. Nikauliza, na KBO je? Kimya. Jamaa yangu mmoja akadhani ni benki! Sasa leo nawapa KBO, na wale mtakaosema "Muhaya kaanza kujisifia", tulieni, hapa hakuna cha kujisifia.

KBO lilikuwa shirika la kuendeleza bonde la mto Kagera. Mkataba ulisainiwa Rusumo tarehe 24 Agosti 1977 na Tanzania, Rwanda na Burundi, makao makuu yakawa Kigali. Mwaka huohuo Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika. Wazo lenyewe mimi nalipenda: mipango ifuate maji, isifuate mipaka ya Mjerumani na Mwingereza. Bonde lina karibu kilomita za mraba 60,000. Na sisi tumo, maana mto Ngono unatoka Muleba, unapita Bukoba, unaenda kumwaga Kagera huko upande wa Kyaka. Kwa hiyo mama anayelima bondeni kwetu alikuwa ndani ya eneo moja la mipango na mkulima wa Rwanda, hata kama hakuna aliyempa taarifa.

Walipanga umeme wa maporomoko ya Rusumo, reli, simu, vita dhidi ya mbung'o. Tatizo la kwanza linaonekana hata kwenye ramani: mto unaingia ziwani Uganda, na Uganda haikuwemo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka, daraja la Kyaka likalipuliwa. Baada ya vita mkoa wetu, uliokuwa unaitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto. Uganda ikajiunga 1981. Kisha vita ya Rwanda 1990, halafu 1994, mto uleule wa mipango ukabeba maiti mpaka Ziwa Victoria, na watu zaidi ya laki mbili wakavuka Rusumo kuingia Ngara kwa siku chache tu. Hapo nani tena angeongelea reli?

Madesa yetu yanaishia hapo: vita, basi. Mimi nasema haitoshi. Hebu angalieni hali ya Bukoba siku ile mkataba unasainiwa. Halmashauri za wilaya zilishafutwa 1972 kwenye ule mpango wa Madaraka Mikoani, ambao pamoja na jina lake zuri ulileta wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa kutoka juu. Vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa 1976, na chama kikuu chetu cha kahawa, ambacho wazee wamekijenga tangu 1950, kikaenda na maji. Yaani 1977 mkulima wa Ihangiro au Kianja hakuwa na diwani wala chama kikuu cha kumsemea. Bonde lake linaingizwa kwenye mkataba wa nchi tatu, yeye mdomo hana. Halmashauri za wilaya zilirudi 1984, wakati huo mambo ya bonde yana ofisi zake Kigali. Shirika lisilo na mwenyewe kijijini likitikiswa nani atalilia?

Lilifutwa 2004, na Rusumo ikiwa bado haijatoa hata wati moja. Cha kuchekesha (au kuliza), kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulitoka Uganda, kwa waya wa Masaka hadi Kyaka, wakati maporomoko yapo Ngara, mkoa wetu wenyewe! Sisi kijijini hata huo wa Masaka tuliusikia tu, tumesomea kibatari. Mtambo wa Rusumo ulianza kujengwa 2017, miaka 40 baada ya ule mkataba. Ni megawati 80, wanagawana Tanzania, Rwanda na Burundi.

Ila Ngono ndiyo inaniuma zaidi. Mwaka 2007 Missenyi ikakatwa kutoka Bukoba Vijijini, kwa hiyo sasa mto mdogo kama ule unapita wilaya tatu, kila moja na baraza lake na bajeti yake. Wa juu wakilima mpaka ukingoni, udongo unashuka kwa wa chini, na diwani wa chini hana kiti kwenye baraza la juu. Nikienda mazoezi ya kufundisha nitawapa wanafunzi karatasi tupu, wachore Ngono kwanza, mipaka ya wilaya baadaye.

Wa Karagwe na Ngara mnisahihishe kama kuna nilichoruka. Kesho nina tesiti ya saikolojia na sijagusa kitu.