Maji Yenye Taa, Ardhi Yenye Kumbukumbu: Jioni Moja Uhuru Park

Kwetu Chepseon, Kericho, neno chemchemi lina maana moja tu: jicho la maji bondeni, penye alama za kwato za ng'ombe na madumu ya njano yaliyopangwa foleni. Maji hatuyasafirii. Alasiri wingu hushuka kutoka msitu wa Mau, mvua hupiga mabati mpaka watu wasisikilizane dukani, na mara nyingine huja na mawe yanayochanachana majani ya chai kabla hayajachumwa. Basi mjukuu wangu aliponiambia kwamba Nairobi kuna chemchemi zinazorusha maji angani kwa mpigo wa muziki, zikiwashiwa taa za rangi, nilitaka kuziona kwa macho yangu. Nilipanda matatu alfajiri, tukapita njia panda ya Londiani, Mau Summit, Salgaa, Nakuru na Naivasha. Jioni nikawa nimesimama kwenye lango la Uhuru Park, pamoja na kikundi kidogo cha wageni na kijana wa kutuongoza.

"Mwalimu," aliniambia kijana huyo alipojua kazi niliyostaafu, "chemchemi tutaziona mwisho. Zinapendeza giza likiingia. Kwanza tuizunguke ardhi yenyewe."

Leo namshukuru kwa mpango huo.

Uhuru Park ni eneo la takriban hekta 13, lililoko baina ya kitovu cha jiji na kilima cha Upper Hill. Upande wa mashariki inapita Uhuru Highway. Upande wa kaskazini Kenyatta Avenue inaitenga na Central Park. Wageni wengi huichanganya na Uhuru Gardens, iliyoko barabara ya Lang'ata, ambako bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Hizo ni bustani mbili tofauti. Hii ya katikati ya mji ilifunguliwa rasmi na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969, iwe mahali pa mwananchi kupumzika bila kulipia kiti. Tangu hapo vizazi vya wakazi wa Nairobi vimepigiwa picha kando ya ziwa lake dogo la kuchimbwa, vimepanda mashua zake na kulala chali kwenye nyasi zake siku za Jumapili.

Maji yamo katika jina la jiji lenyewe. Wamaasai waliita mahali hapa Enkare Nairobi, maji baridi, na reli ilipofika mwezi Mei 1899 ilikuta kinamasi cha mafunjo mahali ambapo leo pana maghorofa. Mji ulipokua, maji yake ya karibu hayakutosha, ukayafuata milimani Nyandarua: bwawa la Sasumua likajengwa miaka ya 1950, na la Ndakaini likakamilika mwaka 1994. Kila tone linalomwagika mjini lina mlima wake na msitu wake. Mtu wa Mau analijua hilo bila kuambiwa, kwa sababu msitu wetu ni mmoja wa minara mitano mikuu ya maji nchini, na ndio mkubwa kuliko yote.

Tulianzia pembe ya kaskazini mashariki, Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Pembe hiyo Wakenya wanaiita Freedom Corner. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya Upper Hill na magari yalikuwa yamewasha taa. Kijana wetu alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye jengo refu la Nyayo House. Katika vyumba vya chini vya jengo hilo, hasa kuanzia mwaka 1986, serikali iliwatesa watu iliowashuku kuwa wapinzani wake. Baadhi yao walifungiwa katika seli zilizojazwa maji, wakakaa humo siku kadhaa, ngozi ikibabuka. Nilikuwa nimesoma habari hizo, lakini sikuwahi kupima kwa macho jinsi seli zile zilivyo karibu na nyasi za watoto kuchezea. Ni kuvuka barabara tu.

Katika pembe hiyo hiyo, tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi chini na kuanza mgomo wa kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Mmoja wao alikuwa Mama Monica Wamwere kutoka Nakuru, mama yake mfungwa Koigi wa Wamwere. Pamoja nao alikuwa Profesa Wangari Maathai. Siku chache baadaye, tarehe 3 Machi, polisi waliwashambulia kwa marungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya polisi. Katika mila za jamii nyingi za Kenya, mama mzee kumwonyesha mwana uchi wake ni laana nzito, na kila askari pale alilijua hilo. Wangari alipigwa hadi akazimia, akapelekwa hospitali. Mama wale hawakukata tamaa. Walihamia kanisa kuu la All Saints, umbali mfupi kutoka hapo, wakakaa karibu mwaka mzima mpaka karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai wakaachiliwa.

Leo pembe hiyo ina sanamu pia, iliyozinduliwa Septemba 2015: mwanamke akimpa chakula mpiganaji wa Mau Mau, nyuso zao zikiwa zimegeuziwa mbali ili mmoja asije akamtaja mwenziwe akikamatwa. Ilijengwa kwa fedha za serikali ya Uingereza, baada ya wazee zaidi ya 5,000 walioteswa wakati wa ukoloni kudai haki yao na kulipwa fidia mwaka 2013. Kwa hiyo mateso ya aina mbili, ya mkoloni na ya serikali yetu wenyewe, yanakumbukwa katika kona moja.

Tulipopanda mteremko kijana akasimama na kuuliza: "Mnajua hapa palitakiwa pawe nini?"

Baadhi yetu tulijua. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU, kupitia kampuni ya gazeti la Kenya Times, ambamo tajiri Mwingereza Robert Maxwell alikuwa mshirika, kilipanga kujenga ndani ya bustani hii jumba la ghorofa 60, refu kuliko yote Afrika, likiwa na ofisi, maduka, maegesho ya magari na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama yake ilikadiriwa kufikia dola milioni 200, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Wangari Maathai alisikia habari hizo, akaketi mezani na kuandika barua. Aliwaandikia wenye mradi, serikali na mabalozi. Alimuuliza Balozi wa Uingereza kama jumba la namna hiyo lingekubaliwa Hyde Park, London.

Wabunge walimkejeli Bungeni, wakaitaja ndoa yake iliyovunjika kana kwamba hiyo ndiyo hoja. Tarehe 12 Desemba 1989, katika sherehe za Jamhuri zilizofanyika papa hapa Uhuru Park, Rais Moi alisema mwanamke Mwafrika wa kweli huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika la Wangari la Green Belt Movement likafukuzwa kwenye ofisi zake. Wangari hakunyamaza. Wafadhili wa nje walianza kujiuliza, wakajitoa, mradi ukafifia, na mwaka 1992 ua uliokuwa umezungushiwa eneo la ujenzi uliondolewa. Mwaka 2004 mwanamke huyo alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika.

Naandika haya nikiwa Mkipsigis. Rais Moi alikuwa Mkalenjin mwenzetu, na kwetu wengi walimpenda kwa dhati; maziwa ya Nyayo aliyoyagawa shuleni niliyanywa pamoja na wanafunzi wangu. Lakini mwalimu hana ruhusa ya kupunguza ukweli kwa sababu ya undugu. Jumba lile lingejengwa, leo nisingekuwa na mahali pa kusimama.

Mzunguko wetu ulipanda hadi mahali panapotazama uwanja mpana wa mikutano. Kijana aliyataja matukio moja baada ya jingine, nami niliyasikia kama mtu anayesomewa daftari la taifa. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II aliadhimisha misa hapa mwisho wa Kongamano la Ekaristi. Tarehe 14 Oktoba 2002 Raila Odinga alitamka maneno mawili, "Kibaki Tosha", na upinzani ukaungana. Tarehe 30 Desemba mwaka huo Mwai Kibaki aliapishwa akiwa katika kiti cha magurudumu, huku umati ukifurika mpaka juu ya miti. Mapema 2008, baada ya uchaguzi uliovurugika, askari waliizingira bustani hii ili mkutano wa upinzani usifanyike. Siku hizo huku kwetu, Kipkelion na Londiani, nyumba zilikuwa zikiteketea na majirani wa miaka mingi wakikimbiana. Nilipoambiwa kuhusu askari waliosimama bega kwa bega kuzunguka nyasi tupu, niliukumbuka moshi wa kwetu.

Kisha tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilizinduliwa papa hapa. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, Wakenya asilimia 67 walisema Ndiyo, ingawa Bonde la Ufa wengi wetu tulisema La. Hata hivyo Katiba ile inatulinda sote kwa usawa: kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani, cha 42 haki ya mazingira safi, na cha 62 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi. Nikiwa juu ya mteremko ule niliona kwamba vifungu hivyo vitatu vilitendwa kwanza kwenye nyasi hizi, na mama waliobeba mablanketi na profesa aliyebeba barua, miaka mingi kabla ya kuandikwa.

Giza lilipokamilika tulishuka kwenye chemchemi. Bustani ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati mkubwa, na chemchemi za kucheza na taa zake zimetokana na ukarabati huo. Maji yaliruka, yakasimama kama nguzo, yakainama, yakaruka tena, nyekundu, kijani, buluu. Watoto walipiga kelele za furaha. Bibi mmoja aliyekuwa katika kundi letu alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema tu, "Yamependeza." Kweli yalipendeza. Ng'ambo ya Kenyatta Avenue, katika Central Park, upo mnara wa Nyayo wa enzi za Rais Moi, ngumi ikichomoza kileleni pa Mlima Kenya ikiwa imeshika rungu. Usiku huo sikuufikiria sana. Niliyatazama maji.

Nilizifikiria pia zile taa. Mito ya Kipsonoi na Yurith hukusanya maji ya nyanda za chai za Kericho na Bomet, ikaungana kuwa mto Sondu. Kabla mto huo haujafika Ziwa Victoria, maji yake huzungusha mitambo ya Sondu Miriu, yenye uwezo wa megawati 60, iliyoanza kazi kikamilifu mwaka 2008, na umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa. Kwa hiyo mvua ya nyanda hizo inachangia, japo kidogo, kuwasha taa za nchi hii, na zile za Uhuru Park zikiwemo. Msitu wa Mau ukikatwa, taa hizo hazitakuwa na nguvu ya kuwaka vilevile. Mchuma chai wa Kericho na mtoto wa Eastleigh anayerukaruka kando ya chemchemi wamefungwa na uzi mmoja wa maji.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Uhuru Park imeundwa mara mbili: mara ya kwanza na serikali iliyoifungua mwaka 1969, mara ya pili na raia walioizuia isimezwe. Kazi ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, na ndiyo inayosahaulika haraka taa zikiwaka.

Ndiyo maana nina ombi kwa watu wa kwetu. Miji yetu ya kando ya barabara, Chepseon, Kedowa, Londiani na mingineyo, inakua kwa kasi. Kila mwaka duka linaongezwa, ploti inagawanywa, kiwanja kinapungua. Tutenge sasa, kwa hati na mipaka inayojulikana, mahali pa watu wote: penye miti yetu ya kienyeji, penye maji, penye benchi la mzee na nyasi za mtoto. Hatuhitaji mitambo ya kurusha maji, mvua tunayo. Tunahitaji ardhi ambayo hakuna mkubwa atakayeweza kuiuza, na raia watakaoketi juu yake siku mtu akijaribu.

Nawe msomaji, ukienda Nairobi na watoto, wapeleke Uhuru Park jioni. Waanzishie Freedom Corner, uwasimulie habari za akina mama wa mwaka 1992 na barua za Wangari Maathai. Wakishaelewa, washike mkono uwapeleke kwenye maji.