Kubeti kwa Simu Kenya: Miaka 59 ya Sheria Iliyomsahau Mcheza Kamari

Agosti 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, na sheria ya mwaka 1966 iliyosimamia kamari na bahati nasibu nchini Kenya ikafikia mwisho wake baada ya miaka 59. Ilitungwa wakati simu za mkononi hazijulikani. Hata hivyo, kwa zaidi ya mwongo mzima ndiyo iliyoamua kama kijana wa Likoni au Kakamega anayeweka shilingi 50 kwenye mechi ya Arsenal yuko upande wa sheria au la.

Jibu lake halikubadilika: mradi umetimiza miaka 18, na kampuni unayobetia ina leseni, huna kosa. Uhalali wa mcheza kamari ulitegemea karatasi iliyotundikwa kwenye ofisi ya mtu mwingine. Historia ya kubeti Kenya ni historia ya jinsi uhalali huo ulivyogeuka mlango wa kodi huku ulinzi wa mchezaji mwenyewe ukiahirishwa mwaka baada ya mwaka.

Farasi na karata za vichochoroni

Mwaka 1966 kubeti kulikuwa na mahali pake. Palikuwa na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, na baadaye kasino za Nairobi na Mombasa. Sheria ikaunda bodi ya kutoa leseni, BCLB, na kazi yake kubwa ikawa kuamua nani afungue duka la kamari na wapi.

Sheria ya namna hiyo humtazama mchezaji kupitia mahali alipo. Aliyeweka dau Ngong alikuwa mteja. Aliyekutwa kwenye kichochoro akicheza karata kwa fedha alikuwa mtuhumiwa, na polisi walimjia juu. Fedha ziliweza kuwa zilezile, na uraibu uleule, ila mmoja alikuwa ndani ya ua lenye leseni na mwenzake alikuwa barabarani. Mgawanyiko huo ulimwelemea maskini, kwa kuwa ndiye asiyekuwa na nauli ya kwenda Ngong wala mavazi ya kuingilia kasino.

Simu yavunja ua

M-Pesa ilianza Machi 2007. Miaka saba baadaye, mwaka 2014, SportPesa ikaingia sokoni, na kampuni nyingine zikafuata kwa kasi. Sasa hapakuwa tena na ua wala mlango. Kijana yuleyule aliyekuwa akikimbizwa kichochoroni aliweza kuandaa mkeka wake akiwa ndani ya matatu, akalipa kwa nambari ya paybill, na hakuna askari aliyekuwa na sababu ya kumgusa.

Kura ya maoni ya GeoPoll ya mwaka 2017, iliyowahoji vijana wa nchi sita za Afrika, iliiweka Kenya kileleni: asilimia 76 ya waliohojiwa nchini walisema wamewahi kubeti. Mwaka huohuo SportPesa iliingia mkataba wa kudhamini Everton ya Uingereza, na mwezi Julai klabu hiyo ikatua Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Wayne Rooney alifunga bao siku hiyo. Kamari iliyokuwa ya kificho mitaani ilikuwa imevaliwa kifuani na wachezaji ambao watoto wetu wanawapenda.

Sheria ya 1966 haikuwa na neno la maana kwa hali hiyo. Leseni iliendelea kutolewa kana kwamba duka bado lina milango minne, ilhali duka lilikuwa mfukoni mwa kila mwenye simu, usiku na mchana.

Hazina yanyoosha mkono

Lililobadilika haraka ni kodi. Kwanza ilikuja asilimia 20 ya fedha anazoshinda mchezaji. Mwaka 2016 Bunge liliiondoa na kuitoza kampuni asilimia 7.5 ya mapato yake ya kamari. Mwaka 2017 Waziri wa Fedha Henry Rotich alipendekeza kampuni zitozwe asilimia 50. Baada ya mvutano bungeni ikawa 35. Januari 2018 SportPesa ilikatiza udhamini wake wa michezo nchini, na klabu kama Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zikitafuta mfadhili. Kabla mwaka huo haujaisha, kodi ya kampuni ilishushwa hadi asilimia 15, na ile ya asilimia 20 ikarudishwa kwa mshindi.

Novemba 2019 hatua kubwa zaidi ilichukuliwa: ushuru wa asilimia 20 ukawekwa juu ya dau lenyewe. Tangu hapo hata aliyechaniwa mkeka alikuwa ameshalipa kodi. Ushuru huo ulifutwa mwaka 2020, ukarejea mwaka 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, kisha 15 mwishoni mwa 2024. Julai 2025 mfumo ukageuzwa tena: asilimia 5 ya fedha unazoingiza kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 ya unazozitoa.

Serikali iliyoweza kukokotoa senti ya kila dau haikukosa uwezo wa kumwona mchezaji. Ilimwona vizuri sana, kila mwaka wa bajeti.

Msukosuko wa 2019

Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 kwa madai ya kodi, na Safaricom ikatakiwa kufunga nambari zao za malipo. Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alisimama mbele ya kampeni hiyo. Kufikia mwisho wa Septemba, SportPesa na Betin zilikuwa zimetangaza kusitisha shughuli nchini na wafanyakazi wao kupoteza ajira.

Kwa mchezaji, somo lilikuwa chungu. Hakuwa amevunja sheria yoyote, lakini kampuni aliyoiamini ilipopoteza leseni, naye alijikuta nje ya ua. Wengine walikimbilia tovuti za ng'ambo zisizo na leseni ya Kenya. Huko, mshindi akinyimwa fedha zake hana bodi ya kumpelekea malalamiko wala mahakama ya karibu itakayomsaidia.

Majirani nao wamejipangia yao. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na umri wa kucheza ni miaka 18. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, iliweka miaka 25. Kijana wa miaka 20 mjini Busia anavuka barabara tu, na uhalali wake unabaki ng'ambo ya pili ya mpaka.

Kipimo cha sheria mpya

Aprili 2025 BCLB ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Miezi michache baadaye sheria mpya ikaja na mamlaka mpya ya usimamizi, masharti makali zaidi ya matangazo, na wajibu wa kuwakinga watoto na waraibu. Ni mara ya kwanza kamari ya mtandaoni kupata sheria inayoitaja kwa jina lake.

Tusiishangilie mapema. Kuruhusiwa si kulindwa, na Wakenya wamepewa ruhusa pekee kwa muda mrefu. Mamlaka mpya ipimwe kwa mambo yanayomgusa mchezaji: analipwa kwa wakati akishinda, anayeomba kufungiwa akaunti kwa sababu ya uraibu anafungiwa siku hiyohiyo, mtoto anayetumia simu ya mzazi anazuiwa, na sehemu ya kodi hii inatibu walioharibiwa na mchezo unaoizalisha. Wabunge watakaopitisha bajeti ijayo waulize maswali haya kabla ya kuuliza asilimia ngapi.