Misuli ya mguu katika uchoraji

Misuli ya mguu katika uchoraji ni mada ya anatomia ya sanaa inayoeleza jinsi misuli inavyoumba sura ya mguu, hasa kwa wanaochora wanamichezo. Mchoraji hahitaji kujua kila musuli kama daktari. Anahitaji kuijua ile inayoonekana chini ya ngozi, na kazi yake katika kila mkao.

== Historia ==
Leonardo da Vinci alipasua maiti na kuchora misuli ya miguu mnamo mwaka 1510 hivi. Mwaka 1887 Eadweard Muybridge alitoa picha za watu na wanyama katika mwendo, zilizoonyesha hatua ambazo macho hayawezi kuzifuata.

== Paja ==
Mbele ya paja kuna misuli minne iitwayo kwa pamoja kwadrisepsi, ambayo hunyosha goti. Mitatu huonekana, wa nne umefichika chini yake. Ule wa upande wa ndani hushuka chini zaidi kuliko wa nje, ukiacha uvimbe mfano wa tone karibu na goti. Sartori, musuli mrefu kuliko yote mwilini, hukatiza paja kutoka mbele ya nyonga hadi upande wa ndani wa goti.

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu inayokunja goti. Goti likikunjwa, kano zake hujitokeza kama kamba pande zote mbili.

== Chini ya goti ==
Upande wa ndani wa muundi, mfupa uko chini ya ngozi moja kwa moja, kwa hiyo hapo hapachorwi misuli. Shavu la mguu lina vichwa viwili. Cha ndani hushuka chini kuliko cha nje. Vyote huungana na kano ya Achilles, inayoshikilia kisigino. Kwenye kifundo mambo hugeuka: nundu ya ndani iko juu, ya nje iko chini. Mchoro unaolinganisha pande hizo mbili huonekana kama mguu wa meza.

== Mguu katika mwendo ==
Musuli unaokaza hufupika na kunenepa, uliolegea hulainika. Kosa la kawaida ni kukaza misuli yote kwa pamoja. Mkimbiaji anapojisukuma mbele, tako, kwadrisepsi na shavu la mguu ulio chini hukaza, huku shavu la mguu ulioinuliwa likilegea.

Mfano mzuri ni sanamu ya mrusha kisahani ya Myron wa Ugiriki, ya karne ya 5 KK, inayojulikana kwa nakala za Kiroma. Mguu wa kulia umekunjwa na kubeba uzito wote. Wa kushoto unaburuzwa nyuma.

Umbo hutegemea pia mchezo. Wakimbiaji wa marathoni, kama Eliud Kipchoge wa Kenya, huwa na miguu myembamba, ilhali wa mita 100 huwa na mapaja mazito.

== Tazama pia ==
* Anatomia
* Musuli
* Uchoraji
* Riadha