Seti ya Alama, si ya Herufi Peke Yake

Mtu akiandika "Gĩkũyũ" katika kihariri maandishi cha kisasa, kisha akafungua faili hilo katika programu inayolisoma kwa mfumo wa zamani, atakutana na "GÄ©kÅ©yÅ©". Faili halijaharibika. Baiti zake 9 zipo zote. Kilichokosewa ni namna ya kuzisoma.

Wengi huita orodha inayotumiwa na kompyuta "seti ya herufi". Jina hilo linaeleweka, ila linabana, maana ndani yake mna pia tarakimu, vituo, nafasi kati ya maneno na hata emoji. "Seti ya alama" linafaa zaidi: orodha ambamo kila alama ina namba yake. ASCII, iliyoanza mwaka 1963, ina nafasi 128, na Kiswahili cha hati ya Kilatini kinaenea humo. Lakini ĩ na ũ za Kikikuyu hazimo, wala چ na پ ambazo baadhi ya Waswahili wameziandika kwa hati ya Kiarabu. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, sasa ina nafasi 1,114,112.

Usimbaji ni jambo jingine: namna namba hiyo inavyogeuzwa kuwa baiti. Katika UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, k ni baiti 1, ũ ni baiti 2, na emoji nyingi ni baiti 4.

Kwa hiyo kukipanulia kihariri uwezo wa Unicode hakuishii kwenye fonti. Programu nyingi za awali zilichukulia kuwa baiti moja ni alama moja. Dhana hiyo ikianguka, kishale, ufutaji na utafutaji vyote vinadai kutengenezwa upya. Kwa mfano, kihariri kiitwacho Emacs kilipokea mfumo wa lugha nyingi uliotoka Japani katika toleo la 20, mwaka 1997. Lakini humo é ya Ulaya Magharibi na é ya Ulaya ya Kati zilikuwa alama mbili tofauti. Ni toleo la 23, mwaka 2009, lililokijenga upya juu ya Unicode.

Hata Kiswahili hakijasalimika. "Ng'ombe" yenye ritifaa iliyonyooka na "ng’ombe" yenye iliyopinda zina namba tofauti, na kihariri kisichozilinganisha kitapata moja na kuikosa nyingine.

Wanaotafsiri menyu za programu, basi, waandike "seti ya alama" na "usimbaji" kila moja mahali pake.