GPS, ramani za Turkana na mita 300 zinazopotea

Leo nawaletea historia kidogo.

Hadi tarehe 1 Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Kosa liliweza kufika mita 100. Rais Clinton alipoamuru uvurugaji uzimwe, kifaa kile kile cha mkononi kikaanza kukosea mita 20 hivi au chini ya hapo. Mwaka huo huo, Februari, chombo cha anga cha Endeavour kilipima miinuko ya nchi kavu kwa rada kwa siku 11. Vilima vya Turkana vikaingia kwenye kompyuta.

Lakini kuna mtego. Ramani za zamani za Kenya zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Ukiingiza namba za ramani bila kubadili mfumo, utafika kama mita 300 kaskazini ya unakokwenda. Kati ya Lodwar na Kakuma, ambako laga moja hufanana na nyingine, hizo zatosha kukukosesha kisima.

Basi kabla ya safari, badili mfumo kwenye kifaa chako. Na ukikutana na mchungaji, muulize njia. Yeye hahitaji betri.