Tulivyojifunza Kuihoji Subaru

Chini ya dashibodi ya Subaru Impreza za miaka ya 1990, juu ya miguu ya dereva, huning'inia plagi nne ndogo: mbili nyeusi, mbili za kijani. Fundi aliyezijua hakuhitaji mashine. Aliunganisha zile nyeusi, akafungua swichi bila kuwasha injini, akaitazama taa ya injini ikipepesa. Mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Miwili mirefu na mitatu mifupi ni 23, sensa ya kupima hewa. Miwili na miwili ni 22, sensa inayosikiliza petroli inapolipuka kabla ya wakati wake. Hiyo 22 tuliiona mno, maana sensa zile zilizoea kupasuka kwa joto.

Ndivyo nilivyoikuta kazi ya umeme wa magari Shimanzi, Mombasa, karibu na bandari ya Kilindini yalikoshushwa magari hayo. Marehemu mwalimu wangu aliziandika namba zote katika daftari lililolowa grisi, na taa ikihesabiwa alikataza mtu kusema. "Mwanangu," aliniambia, "namba inakuonyesha mahali kompyuta ilipoingiwa na shaka. Mwizi utamtafuta mwenyewe."

Vijana waliyapenda magari haya kwa sababu ya Safari Rally. Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Impreza, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda. Sheria yetu ya kutoingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane ilifanya mapenzi hayo yachelewe: gari la ndoto la mwaka huo lilifika mikononi mwa kijana wa Mombasa likiwa limeshatumika Japani miaka saba.

Desturi ya gari kujitaja ugonjwa ilitokana na moshi, wala si mbio. California, iliyosumbuliwa na hewa chafu ya Los Angeles, iliwataka watengenezaji waweke mfumo huo kwenye magari ya mwaka 1988. Kufikia magari ya 1996, Marekani nzima ilikuwa na mfumo mmoja, OBD-II, wenye tundu la pini 16 na namba zinazoanza kwa P. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Subaru zilizouzwa Japani zilikuwa na lugha yao, iliyokusudiwa kifaa cha kiwandani kiitwacho Select Monitor. Kwa hiyo skana za bei nafuu zilipofika kwetu, tulizichomeka kwenye tundu lililozitosha kabisa na zisipate jibu: skana ilizungumza kwa kasi ya biti 10,400 kwa sekunde, Subaru kwa 4,800. Niliona kompyuta nzima zikitupwa kwa kudhaniwa zimekufa.

Gari lililofanyiwa marekebisho huongeza ugumu, kwa sababu kompyuta yake bado inalijua gari lilivyotoka kiwandani. Chukua valvu inayotema upepo wa turbo nje, ule mlio wa pshhh unaopendwa sana. Upepo huo umeshapita kwenye sensa na kuhesabiwa, na petroli yake imeshapangwa. Ukimwagwa nje, petroli inabaki bila hewa ya kuiunguza, na ekzosi hutoa moshi mweusi na milipuko. Ukibadilisha sensa, hujatibu kitu, kwa maana sensa ilisema kweli.

Kwetu pwani kuna jambo ambalo vitabu vya Japani havikulifikiria. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake nyepesi. Kijana hufungiwa huko koki ya kuongeza nguvu ya turbo, gari likaenda vizuri, kisha akateremka nalo kwenye sikukuu. Koki ni ileile, ila turbo sasa inavuta hewa nzito zaidi, yenye joto la Mombasa, juu ya petroli ya okteni ya chini kuliko ile ya 100 hivi ambayo gari lilipangiwa. Petroli huanza kulipuka kabla ya wakati, na mara nyingi pistoni hupasuka bila taa kuwaka hata mara moja.

Lakini kompyuta ilikuwa ikijua. Kwa Impreza za kizazi kilichoanza 2000, inaposikia milipuko hiyo huchelewesha moto wa plagi na kupunguza kipimo cha imani yake kwa petroli. Katika nyingi, 1 ni imani kamili. Kipimo hicho hakina namba ya P. Tulianza kukiona katikati ya miaka ya 2000, wapenzi wa Subaru walipoichambua lugha ile na kutoa bure programu ya RomRaider, ambayo mwanzoni iliitwa Enginuity. Kwangu mimi hakuna badiliko kubwa kuliko hilo katika kazi hii: kwa laptopu na waya mmoja, fundi wa Shimanzi aliweza kuliuliza gari lililokuwa bado zima.

Hadi leo, kabla ya kuchomeka chochote, namuuliza mwenye gari kilichobadilishwa, nani alikifunga na wapi. Kisha tunapanda Mazeras laptopu ikirekodi. Kipimo kikishuka chini ya 1, ile koki ya Nairobi naitoa kwanza, na sensa ya hewa naisafisha. Wengine hununa kwa sababu gari limepungua kasi. Nawaonyesha mstari ulivyoshuka kwenye skrini, wauone wenyewe.